Ninavyopanga dozi ya warfarini kwa vijana

Vijana ninaowapangia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hapa Nairobi wengi ni wa aina mbili: waliopata bonge la damu kwenye mapafu, mara nyingi likitokea mguuni, na wale ambao homa ya baridi yabisi iliharibu vali za moyo, damu ikatuama na kuganda humo humo. Naanza kwa kujua ni yupi, maana shabaha ya INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, si moja: ikipanda, damu huganda polepole zaidi. Bonge la mapafu ni 2 hadi 3. Aliyebadilishiwa vali iliyoharibika akawekewa ya chuma upande wa kushoto wa moyo, mahali pa vali ya mitrali, ni 2.5 hadi 3.5. Rivaroksabani na wenzake, vidonge vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji kupima INR, haviwafai wenye vali ya chuma, hata kama mtu amechoka kuchomwa kila mara kupimwa damu.

Warfarini huchelewa kushika. Kwa bonge la mapafu, enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, huendelea sambamba nayo, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12, angalau siku 5 na mpaka INR ifike 2 na kukaa hapo saa 24. Sindano ni ghali, na mgonjwa akipata nafuu kidogo anaziacha mapema. Hapo ndipo bonge hukua tena. Anayejidunga nyumbani achome tumboni, sentimita 5 kutoka kitovuni, akiwa ameikunja ngozi, na akimaliza asisugue.

INR ikitoka kwenye shabaha, mimi nahesabu dozi ya wiki, si ya siku. Tuseme mtu anameza kidonge cha miligramu 5 kila jioni, yaani 35 kwa wiki, na INR ni 1.7. Kama hakuruka dozi, naongeza nusu kidonge Jumatatu na nusu Alhamisi: 40 kwa wiki, nyongeza ya asilimia 14. Kisha tunapima baada ya wiki. Ukipima kesho yake unapima dozi ya zamani.

Sukuma wiki sikatazi. Ukimkataza mtu wa Nairobi sukuma umemwambia alale njaa. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo kinachovuruga ni kubadili kiasi: nyama mishahara ikiingia, kisha sukuma, managu na terere kila siku hadi mwezi uishe. Ale kiasi kile kile, dozi itafuata.

Dawa za kemisti ndizo hatari zaidi. Antibiotiki kama metronidazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR. Brufeni na diklofenaki huleta damu tumboni hata INR ikiwa sawa. Rifampisini ya TB huishusha sana, na wengi husahau upande wa pili: TB ikiisha, dozi iliyokuwa imeongezwa lazima ishushwe kwa vipimo vya karibu karibu.

Kwa wasichana nauliza hedhi kila ziara. Ikichelewa, kipimo cha mimba kwanza, maana warfarini hudhuru kijusi, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Wa bonge la mapafu hurudi kwenye enoksaparini. Mwenye vali ya chuma asiache dawa mwenyewe. Aonane na daktari wa moyo na wa uzazi siku hiyo hiyo, kwa sababu vali isiyo na dawa inaweza kuziba.