Njumu za mlango wa Bagamoyo nilivyozisafisha kama maganda ya risasi

Kabla hujaniuliza: hapana, sina risasi. Ndoo iliyonguruma uani kwangu siku tatu mfululizo, hadi jirani akaja kuuliza nasaga nini, ilikuwa na njumu 94 (vile vichwa vya shaba vya urembo vinavyopigiliwa milangoni) za mlango wa mabawa mawili wa nyumba moja ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo. Njia ndiyo niliyoiazima kwa watu wa maganda ya risasi, wale wanaookota maganda matupu, kuyasafisha na kuyajaza upya. Naitetea njia hiyo kwa sababu kila ushauri mwingine niliopewa mjini, na nilipewa mwingi bila kuomba, ama uliharibu shaba ama ungeiharibu.

Njumu na ganda la risasi ni ndugu. Shaba ya ganda ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Njumu za zamani hazina kipimo kimoja, kila mfuaji alichanganya alivyojua, lakini madini ni hayo hayo mawili. Kinachoua ganda kinaua njumu. Tofauti ni kwamba ganda likiharibika unalitupa, njumu ya miaka mia huipati dukani.

Na usianze na nyundo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeitaja milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Pita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, eleza unachotaka kufanya, ndipo uje kwenye kazi. Mimi niliingia na picha za mlango mzima na za kila safu ya njumu. Picha hizo hizo ndizo zilizoniokoa wakati wa kurudisha, kwa sababu mashimo hayalingani, na vishina vya njumu (ule mguu unaoingia ubaoni) navyo havilingani. Chora mlango kwenye karatasi, kila njumu ipe namba, namba iandike kwenye kipande cha utepe wa karatasi na uifunge kwa uzi kwenye kishina. Ukizichanganya utashinda wiki nzima ukijaribu moja moja.

Ukizitoa utakuta za aina mbili. Zipo za kumiminwa, nzito, kishina kimetoka humo humo kwenye shaba. Zipo za bati la shaba lililogongwa likawa kama kikombe, ndani yake msumari wa chuma. Hizi za pili ndizo zenye matatizo. Chuma na shaba vikigusana kwenye hewa ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Kinavimba kwa kutu na kuupasua ubao kwa ndani, huku wewe nje unaona njumu nzuri tu. Msumari wa namna hiyo usiung'oe kwa koleo. Kata mkia kwa nyuma kwa msumeno wa chuma, kisha usukume taratibu kwa kipande cha mti mgumu.

Sasa soma rangi. Weusi na ukahawia uliolala sawasawa ni utando unaoilinda shaba, hauna haja ya kuuchokonoa kama mwenye nyumba haudai mng'aro. Ukijani mgumu ulioganda unasubiri. Ukijani mwepesi, wa unga unaopukutika ukiupitishia kidole, huo ni chumvi iliyoingia ndani ya madini, na usipoiosha yote itarudi hata upake nini juu. Doa la waridi ni habari mbaya kuliko zote: zinki imekwisha kutoka pale, imebaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Hapo hata ung'arishe namna gani, unang'arisha kidonda.

Nikaja kwenye kosa langu, na nalieleza lote kwa sababu najua wapo watakaolirudia. Maji ya betri niliyakataa. Dawa ya choo niliikataa. Nikajiona mjanja, nikachagua ndimu, kitu cha jikoni, kitadhuru nini? Nikakamua ndimu karibu ndoo nzima (sokoni ilikuwa msimu, sikumbuki, elfu sita au saba), nikatia njumu 20 za kwanza, nikalala. Maji ya ndimu hayakuongezwa maji, muda haukupimwa, na la kutia aibu zaidi, njumu sita kati ya hizo zilikuwa bado na misumari yake ya chuma.

Asubuhi ndoo nzima ilikuwa na njumu za waridi. Si zile sita tu. Zote 20, waridi kama sufuria mpya ya shaba nyekundu. Kilichotokea ni hiki: tindikali iliyeyusha shaba kidogo kutoka kwenye njumu, ikabaki ndani ya maji. Chuma kikiwemo, shaba ile haikai kwenye maji, inarudi kujibandika juu ya chuma na juu ya kila njumu inayogusana nacho. Zile ambazo hazikugusa chuma zilikaa kwenye tindikali kali usiku kucha, zinki ya juu ikatoka kwanza, nazo zikageuka rangi kwa njia yake. Mwenye nyumba alipoziona alisema, "Mwanangu, hizi si zangu." Bahati yangu ulikuwa utando mwembamba, ukatoka baadaye kwenye ndoo ya kuzungusha. Ungekuwa wa siku tatu usingetoka.

Ndimu yenyewe haina kosa. Maji yake yana tindikali kama asilimia 5 au 6, unachotaka ni moja na nusu. Kwa hiyo kikombe kimoja cha maji ya ndimu yaliyochujwa kwa vikombe vitatu vya maji. Ukipata ule unga wa tindikali ya limau wanaouza kwa watengeneza juisi, kijiko kikubwa kimoja cha kufuta kwa lita moja. Ndoo ya plastiki, si sufuria ya bati. Hakuna chuma ndani, hata waya wa kufungia. Kabla ya hapo osha njumu kwa maji ya moto na sabuni ya maji, maana penye mafuta tindikali haishiki na utapata mabaka. Kisha dakika kumi, ukikoroga kwa mwiko wa mti. Toa moja, tazama. Ukijani umelegea? Basi. Usingoje zing'ae, kung'aa si kazi ya tindikali. Chumvi usitie, najua bibi zetu walisugua masinia kwa ukwaju na chumvi, lakini sinia lile lilioshwa na kufutwa siku hiyo hiyo. Njumu ina pembe na kishina ambako chumvi inajificha.

Ukizitoa, zichovye kwenye maji yenye magadi, kijiko kidogo kwa lita, ili kuua tindikali iliyobaki, halafu suuza mara tatu. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, ukisuuzia hayo umefanya kazi bure. Tumia ya mvua au ya bomba. Anika kwenye ungo juani, zigeuze, na zile za kikombe zilaze mdomo chini maji yatoke.

Sasa ndoo yangu. Wasafishaji wa maganda ya risasi wana mashine za kuzungusha au kutetemesha, ndani wanatia magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi. Wengine wanatia maji, sabuni na vipini vidogo vya chuma kisichoshika kutu. Jozi hatuna. Tuna vifuu vya nazi, na kifuu ni kigumu vizuri. Niliviponda kwenye kinu, nikachekecha mara mbili, nikabakiza chembe za ukubwa wa mchele. Kubwa zaidi ya hapo hazifiki kwenye michoro, ndogo zaidi zinakuwa vumbi. Angalia pia zisilingane na tundu lolote la njumu. Watu wa maganda wanalijua hilo, chembe inakwama kwenye kitundu cha kitako na wanashinda wakichokoa kwa sindano. Magunzi niliyapeleka mashine ya kusaga, mwenye mashine akacheka lakini akasaga, nayo nikayachekecha vivyo hivyo.

Ndoo ni ile ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ndani nilipigilia vibao vitatu vyembamba kwa urefu, vikae kama mapezi, la sivyo mzigo unateleza tu chini na hakuna kinachosuguana. Nje ndoo imelala juu ya vigurudumu vinne, inazungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mota ya cherehani. Mwendo ndio siri yake. Mizunguko 40 hadi 50 kwa dakika kwa ndoo ya upana huo. Mara ya kwanza niliiachia ikaenda mbio, nikafurahi kwa kelele, kumbe kwa mbio ile vitu vinang'ang'ania ukutani vikizunguka pamoja na ndoo, havianguki, havisuguani. Saa mbili na sijasafisha kitu. Ukiweka sikio usikie kama mvua inayomiminika juu ya makuti, huo ndio mwendo. Ukisikia kishindo kwa kishindo, umejaza kidogo mno na njumu zinapigana zenyewe. Vipimo vyangu: chembe sehemu mbili, njumu sehemu moja, ndoo isizidi nusu na kidogo.

Vifuu kwanza, saa tatu hadi nne, kuondoa uchafu na ule uwaridi wangu wa aibu. Kisha magunzi na kijiko kikubwa cha chokaa laini iliyochekechwa kwa kitambaa, saa mbili, kwa ajili ya mng'aro. Tia humo na vipande viwili vitatu vya kitambaa cha pamba, vinanasa vumbi. Zile nzito za kumiminwa zizungushe peke yake, ukizichanganya na za kikombe zitazibonyeza. Mchanga wa pwani usijaribu. Unakwaruza, na una chumvi.

Mfuniko ufungulie nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa usoni. Kwa maganda ya risasi vumbi hilo lina madini ya risasi kutoka kwenye kiwashio, kile kinachowasha baruti, ndiyo maana wenyewe hawachekechi ndani ya nyumba. Kwa milango ni rangi za mafuta za zamani, nyingi zilitiwa madini hayo hayo. Watoto wasichezee yale magunzi machafu.

Stilwaya weka mbali. Inakwaruza, na vipande vyake vidogo vinabaki kwenye michoro vikishika kutu, baada ya wiki mbili njumu ina madoadoa mekundu na unalaumu shaba.

Kuna njumu 11 ambazo sikuzirudisha, na hizi ndizo zilizonifundisha zaidi. Zote za kikombe, zote za safu mbili za chini, zote zimepasuka nyufa nyembamba kama unywele kuanzia ukingoni. Hakuna aliyezigonga. Waingereza waliliona jambo hili India: risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa masika zilikutwa maganda yamepasuka. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson wakaeleza sababu: amonia ya mkojo wa farasi, pamoja na mvutano uliobaki ndani ya shaba iliyofinyangwa ikiwa baridi. Vyote viwili lazima viwepo. Kikombe kilichogongwa kina mvutano huo, cha kumiminwa hakina, au kina kidogo. Na amonia? Barazani pale mbuzi wa mtaa mzima wanalala usiku, wakiegemea mlango. Farasi hatuna, lakini mkojo ni mkojo. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya kopo ya kung'arishia, ile inayokuchoma pua kwa amonia ukifungua tu, siigusishi kwenye njumu za kikombe. Ufa ukishaingia hauzibiki, na kuchomelea kutaharibu umbo.

Moto nao una adabu yake. Kukausha juani, sawa. Kukausha juu ya mkaa, hapana. Shaba iliyogongwa ikipata moto mkali inalainika, utaibonyeza kwa kidole gumba. Kwa ganda la risasi hilo ni hatari, maana kitako lazima kibaki kigumu kuzuia mlipuko usirudi nyuma.

Kupaka: si mafuta ya nazi, ingawa kila mtu barazani aliyataja. Yanachacha, na yakichacha yanatengeneza tindikali inayoleta ukijani ule ule. Vanishi nayo inapendeza miezi sita, kisha inabanduka pembeni, chumvi inapenya chini yake na huwezi kuifikia. Natumia nta ya nyuki, sehemu moja kwa tatu za tapentaini, ikiyeyushwa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, mbali na moto wa wazi. Njumu iwe na joto la jua, paka nyembamba, subiri robo saa, futa kwa kitambaa hadi kidole kisiache alama. Na ndani ya kikombe pia, huko ndiko wanakosahau.

Wakati wa kurudisha, misumari ya chuma niliibadilisha kwa vipande vya fito ya shaba, na washa (visahani vyenye tundu) za nyuma za shaba. Tundu la ubao nalipaka nta kwanza. Gongea kishina juu ya washa kwa nyundo ndogo, mtu mwingine akishika kipande cha mti chenye ngozi mbele ya njumu. Upande wa bahari nta irudiwe kila miezi mitatu, na mara baada ya masika. Upande wa uani mara mbili kwa mwaka inatosha.

Mbuzi wamehamishiwa baraza ya pili, ambayo mlango wake ni wa bati.