Anzia Kasese, si Fort Portal: mifereji ya Mubuku na milima ya Bunyangabu kwa baiskeli

Kila niliyemuuliza hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, namna ya kuendesha baiskeli njia ya Fort Portal alinipa jibu lilelile: pakia baiskeli kwenye teksi hadi Fort Portal, kisha uteremke nayo polepole kurudi nyumbani. Rafiki yangu mwenye duka la spea akaongeza kwamba mtu anayepanda kwenda Fort Portal kwa baiskeli lazima ana deni analolikimbia. Nawaheshimu wote, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuendesha njia ile kwa raha yake. Walihesabu milima, jua wakalisahau.

Kasese iko chini, hata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari haifiki. Fort Portal imepita mita 1,500. Kati yao ni kilomita 75 hivi za lami. Ukianzia juu utafurahia baridi ya asubuhi, sawa, lakini saa sita mchana ndipo utakuwa unaingia kwetu, umechoka, kwenye tambarare isiyo na kivuli, lami inanuka. Ukianzia Kasese gizani, sehemu ya joto unaimaliza kabla jua halijapata nguvu, na jua linapopanda nawe unapanda kulikimbia. Halafu kuna Rwenzori. Milima ile hujifunika mawingu mapema, na atakayekupeleka kuitazama saa tano amekuuzia mbuzi kwenye gunia: utaona vilima vya mbele tu. Mimi niliondoka kabla ya saa kumi na mbili, tochi nimeifunga kwenye usukani kwa raba ya tyubu kuukuu, na mwanga ulinikuta Mubuku.

Baiskeli yangu ni ya mbio, mtumba kutoka Ulaya. Niliinunua Kampala kwa laki saba na kitu, baada ya kubishana karibu nusu siku na muuzaji aliyeanzia milioni na nusu. Jamaa wanaoendesha kule Kampala walinishauri nivae tairi za milimita 23 na nizijaze upepo hadi ziwe jiwe. Kwa barabara ya Entebbe, labda. Mimi niliweka za 28, upana wa mwisho ambao fremu inaukubali, na nikapunguza upepo hadi kidole gumba kikibonyeza kinazama kidogo. Bila hivyo mifereji ningeitazama kutoka barabarani kama abiria wa basi.

Mradi wa umwagiliaji wa Mubuku ni wa tangu miaka ya 1960, na maji yake yanatoka mto Sebwe. Hayasukumwi na mashine yoyote. Yanashuka yenyewe kutoka mlimani, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanywa kwenye mifereji midogo, na mwisho yanapita katikati ya matuta ya mahindi, mpunga na vitunguu. Hapo kuna siri ambayo hakuna mshauri aliyenipa: mfereji wa namna hii hauna mlima. Ukiyafuata maji yanakokwenda unateremka, kidogo sana, jicho halioni lakini miguu inajua. Kwa hiyo ingia kwa upande wa juu. Ukiingia kwa chini utasukuma pedali kinyume na maji huku ukijiuliza breki imebana wapi.

Njia za kando ya mifereji ni za matrekta na za wenye mashamba, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Nilimkuta mzee mmoja amesimama kwenye ukingo, suruali ameikunja hadi magotini, jembe begani.

"Jambo mzee. Naweza kupita na baiskeli kando ya maji?"

"Unamtafuta nani?"

"Sina ninayemtafuta, mzee. Natembea tu."

"Unatembea na baiskeli?" Akacheka hadi akashusha jembe. "Pita, kijana. Ila kule kwenye vitunguu tumefungua maji. Kule utaibeba wewe."

Nikasimama kumtazama kabla ya kupita. Alikata tope la ukingo kwa mapigo mawili ya jembe, maji yakasita kidogo, yakageuka, yakaingia kwenye mtaro wa kwanza yakisukuma majani makavu na povu jembamba mbele yake. Yalipofika mwisho wa mtaro alirudishia tope lilelile, akalikanyaga kwa kisigino, akahamia mtaro wa pili. Yangeyange weupe walikuwa nyuma yake hatua kwa hatua, wakiokota wadudu waliofukuzwa na maji. Nilimwambia "wasingya", yaani asante, akanijibu kwa Kikonzo maneno marefu ambayo sikuyapata yote, ila neno baiskeli lilikuwamo na wenzake walicheka.

Kwenye vitunguu niliibeba kweli. Tope la pale ni jeusi na linanata. Likiingia kati ya tairi na breki gurudumu linasimama kabisa. Kijiti cha mti kinatosha kulikwangua, na maji ya kuoshea si yapo pembeni.

Hima nitaipita haraka, nawe uipite haraka. Kuna kiwanda cha saruji, malori ni mengi, vumbi ni lile la saruji. Kaa kushoto, sikiliza nyuma, na lori likikupigia honi mara mbili shuka kwenye vumbi bila kubishana.

Sasa Rwimi. Karibu na senta tairi la nyuma lilipiga mlio wa nyoka na likalala. Kosa lilikuwa la uzi wa chuma, ule mwembamba unaobaki barabarani tairi la lori linapopasuka. Huuoni, na vidole haviupati kirahisi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi na kitanasa penye uzi. Nilikuwa na tyubu ya akiba, nikaibadilisha, nikachukua pampu yangu ndogo, na pampu ikatoa pumzi ya mwisho: raba ya ndani ilikuwa imekatika. Nikasukuma baiskeli hadi kwa fundi wa pikipiki aliyekuwa na kompresa chini ya mwembe, nikadhani mambo yamekwisha.

Tatizo ni kwamba tyubu za baiskeli ya mbio zina mdomo mwembamba wenye kibonyezo kidogo juu, na kichwa cha kompresa kimetengenezwa kwa mdomo mnene wa pikipiki. Fundi alijaribu kukishikilia kwa mikono miwili. Upepo wote ulimrudia usoni. Watu wakaanza kukusanyika, na ushauri nao.

Wa kwanza alikuwa fundi mwenyewe. Alitaka kutoboa rimu yangu kwa drili, tundu liwe kubwa, atie mdomo wa pikipiki. Nilikaa mbele ya gurudumu. Wa pili akaleta tyubu ya baiskeli ya Phoenix ya kubebea matoke, akaizungusha juu ya rimu yangu, ikabaki ikining'inia upana wa kiganja, na bado akasisitiza kwamba "itaingia tu, uisukume." Wa tatu, mzee mwenye kofia, alisema zamani walikuwa wakijaza majani makavu ya migomba ndani ya tairi na kufika hadi Kasese. Nilimwamini kwamba walifika. Sikumwuliza walifika saa ngapi. Kijana wa bodaboda akasema niiuze hapohapo, akataja elfu hamsini, na nilipokataa akapandisha hadi sitini kwa sauti ya mtu anayenisaidia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunika mdomo wa tyubu, na nikakitazama. Nje yake ni kinene, ndani kina nyuzi za kujifungia. Karibu hapo palikuwa na kinyozi. Nikaomba wembe uliokwisha kazi, nikakata ncha ya kifuniko hadi kikawa na tundu pande zote mbili. Nikalegeza kile kibonyezo cha juu ya mdomo, kisha nikakifunga kifuniko kichwa chini miguu juu, upande mpana ukiangalia nje. Nikamwambia fundi, "Lete kichwa cha kompresa."

"Itapasuka, bosi."

"Gusa na uachie. Usishikilie."

Akagusa. Tairi likainuka. Akagusa tena, likasimama. Mara ya tatu nilimshika mkono, maana tairi dogo namna hii linajaa ghafla na kompresa haina huruma. Kelele zilizopigwa pale utadhani Cranes, timu yetu ya taifa, wamefunga goli uwanjani Namboole. Fundi alikichukua kile kifuniko, akakigeuzageuza, akakipuliza kwa mdomo, akaniuliza nauza bei gani. Nilimwachia bure, nikakata kingine cha akiba. Kazi nzima alinitoza elfu moja, na wembe nilimrudishia kinyozi, ambaye alidai nimeuharibu zaidi ya ulivyokuwa.

Tangu hapo vifuniko vitatu vilivyokatwa hukaa ndani ya mfuko wa tandiko. Ni vyepesi na havichukui nafasi. Kabla ya kupuliza, hakikisha kibonyezo kimelegezwa, la sivyo utapuliza hadi jioni.

Kutoka Rwimi kupitia Kibiito, wilaya ya Bunyangabu, ndipo milima niliyotishiwa ilipo, na kusema kweli ni mizuri. Hakuna mlima mmoja mrefu wa kukuvunja moyo. Ni kupanda na kushuka, migomba pande zote, kahawa imeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, hewa inapoa unavyokwenda. Usitumie kasi ya mteremko kujionyesha. Kwenye senta nyingi kuna matuta, na kabla yake mistari ya lami iliyoinuliwa ambayo itakutikisa meno. Inuka kwenye tandiko, legeza viwiko.

Kwenye mlima mmoja baada ya Kibiito niliwekwa mahali pangu. Nilikuwa kwenye gia ya chini kabisa, nahema, nikasikia mtu akisalimia pembeni. Ni mzee anasukuma Phoenix yenye mikungu mitatu ya matoke, kwa miguu, kandambili. Tulikuwa mwendo mmoja. Akasikiliza mlio wa gurudumu langu la nyuma, tik-tik-tik, akauliza kwa masikitiko: "Baiskeli yako imeharibika?" Nikamwambia ndivyo inavyolia. Akasema, "Pole." Juu ya mlima alipanda, akaachia, na kwa uzito wa matoke alinipita kwenye mteremko sijamwona tena. Breki zake sijui zilikuwa za nini.

Kuhusu kinywaji, wacha wanaouza chupa za rangi. Mimi nachanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi, kipimo kilekile cha zahanati kwa mtoto anayeharisha. Nakamulia limau. Chumvi yangu ni ya Katwe, tena naisifia bure tu, chumvi ni chumvi. Chakula ni roleksi barabarani, chapati iliyokunjiwa mayai, elfu mbili au tatu kutegemea mayai, na ndizi.

Fort Portal niliingia kwa upepo baridi, nikavaa koti nililolibeba huku Kasese wakinicheka. Mama wa hoteli ndogo alipoona hali yangu hakuuliza nataka nini, aliuliza empaako yangu. Kwa Batooro huwezi kukaa bila jina hilo la heshima na upendo. Nikasema sina, wateja wawili wakajadiliana, nikapewa Atwoki papo hapo, kisha katogo ya matumbo ikaja. Anayetaka kuongeza siku ya pili achukue barabara ya Kyenjojo, kule mashamba ya chai yamekunjwa juu ya vilima na njia haikatishi tamaa.

Wengine huniuliza kwa nini sikwenda kusini, kwenye Mfereji wa Kazinga, kama ni mifereji ninayoitaka. Barabara ya kule ni nzuri, Kikorongo unavuka mstari wa ikweta na kupiga picha. Lakini Kazinga haukuchimbwa na mtu, ni maji ya asili yanayounganisha ziwa George na ziwa Edward, na kingo zake ni za viboko. Utauona ukiwa juu ya daraja la Katunguru, basi. Katikati ni mbuga ya Queen Elizabeth. Tembo akiwa barabarani simama mbali, subiri lori, pita ukiwa upande wake wa pili. Nilishafanya hivyo, dereva alikubali kwa ishara ya mkono tu.

Kurudi nilipanda teksi. Nauli ni ileile wanayokushauri uilipe asubuhi. Tofauti yake ni kwamba sasa unasinzia. Kondakta alitaka baiskeli ilipiwe siti mbili, nikamwambia anionyeshe itakavyokaa. Tukaishia elfu tano. Toa gurudumu la mbele kabla hujafika stendi ili ionekane ndogo, ilaze upande wa gia ukiwa juu, tandika gunia chini, na usikubali mtu aweke mkaa juu yake hata akikuita Atwoki.