Kamba Iliyotufunga Wawili

Kwa miaka miwili mimi na dada yangu mkubwa tulisalimiana kwa heshima, lakini hatukuzungumza. Tulikuwa tumegombana juu ya kumtunza mama alipokuwa mgonjwa, na kila mmoja wetu aliyahifadhi moyoni makosa ya mwenzake: siku ambazo hakuonekana, maneno aliyoyasema mbele ya watu, zamu aliyoikwepa. Katika kipindi hicho ndipo nilipokutana na ho'oponopono, desturi ya Wahawaii ya kupatanisha na kuponya, na kama wengi nilianza na sura yake fupi inayojulikana zaidi, yaani maneno manne ambayo mtu huyarudia kimoyomoyo: nakupenda, nasikitika, naomba unisamehe, asante.

Niliyarudia kwa miezi kadhaa, na yalinituliza. Siyadharau, kwa sababu mtu aliyetulia husikia mambo ambayo mwenye hasira hawezi kuyasikia. Hata hivyo, dada hakujua lolote juu ya maneno hayo. Nilikuwa nikimwomba msamaha mahali asipoweza kunisikia, na polepole nilianza kujiona kuwa mimi ndiye mwema kati yetu wawili, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisamehe kila usiku. Jambo hilo lilinisumbua, nikaamua kuitafuta desturi hii ilikotoka.

Katika Kihawaii, pono ni uadilifu na usawa, ni hali ya mambo kuwa jinsi yanavyopaswa kuwa. Kiambishi ho'o hufanya kazi inayofanana na ya kauli yetu ya kusababisha, isipokuwa wao hukiweka mwanzoni mwa neno nasi huweka chetu mwishoni: sisi kutokana na sawa tumepata sawazisha, wao kutokana na pono wamepata ho'oponopono. Neno hilo lina uzito mkubwa kwao, kiasi kwamba kaulimbiu ya Hawaii, inayotokana na maneno ya Mfalme Kamehameha wa Tatu ya mwaka 1843, husema kwamba uhai wa nchi hudumishwa kwa pono.

Maelezo yaliyonifungua macho ni ya Mary Kawena Pukui, mtaalamu wa lugha na mila aliyezaliwa mwaka 1895 katika wilaya ya Ka'ū, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Katika maelezo yake, ho'oponopono ni kikao cha familia. Kiongozi wa kikao, anayeitwa haku, huanza kwa sala, kisha tatizo hutajwa waziwazi, na baada ya hapo mambo huchambuliwa tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa chini ya ugomvi unaoonekana mara nyingi hulala ugomvi mwingine wa zamani. Wagombanao huzungumza kwa kupitia kwa haku ili maneno yasichochee hasira, na hasira ikipanda, haku huamuru kimya, ambacho huitwa ho'omalu. Mkosaji hukiri, huomba msamaha, na kama alichukua au kuharibu kitu, hutakiwa kukirudisha au kukifidia. Ndipo wote wawili hufanya kala, yaani kufunguana.

Neno hili kala ndilo lililonishika. Kosa, ambalo Wahawaii huliita hala, hufikiriwa kuwa kama kamba inayomfunga aliyekosa pamoja na aliyekosewa. Aliyekosewa akishikilia kinyongo, kamba huzidi kukaza, na wengine wa nyumbani hunaswa humo, mpaka familia nzima imo ndani ya tata inayoitwa hihia. Katika fikra hii, mtu hawezi kumfungua mwenzake huku yeye mwenyewe akibaki amefungwa, wala hawezi kujifungulia kamba upande wake tu.

Maneno manne yalikuja baadaye sana. Morrnah Simeona, mganga wa jadi wa Honolulu, katika miaka ya 1970 alianza kufundisha namna ambayo mtu angeweza kuifuata akiwa peke yake, bila kuwakusanya wahusika. Mwanafunzi wake, Ihaleakala Hew Len, alifanya kazi ya saikolojia katika hospitali ya serikali ya Hawaii, na kisa kinachodai kwamba aliwaponya wagonjwa wa akili kwa kujisafisha yeye mwenyewe, kilichoenea zaidi kupitia kitabu cha mwaka 2007, ndicho kilichoifikisha sura hii mbali. Mafundisho yao yanadai kwamba ninawajibika, kwa ukamilifu, kwa kila kinachoingia katika maisha yangu.

Hapa mimi hutua kidogo. Kuwajibika kwa namna ninavyoupokea ulimwengu ni jambo moja, na kudai kuwa mimi ndiye niliyesababisha kila kilichonipata ni jambo jingine. Mtoto anayepigwa hana kosa la kutafuta ndani yake, na ningesikitika sana kama mtu aliyeumizwa angeyasoma maneno haya akaanza kujilaumu. Kikao cha kale kilijua kuweka mpaka huo, kwani ndani yake kila hala ilikuwa na mwenyewe, nayo ilitajwa kwa jina.

Mimi si Mhawaii, wala sikujaribu kuendesha kikao kisicho changu. Nilichochukua ni swali moja tu: hala yangu ni ipi? Nilipoyaweka pembeni makosa ya dada, lilibaki jambo ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa mimi na mama. Siku moja, nikiwa na uchungu, nilimwambia mama kwamba dada amechoka kumhudumia. Haikuwa kweli. Dada ndiye aliyekesha naye usiku mwingi kuliko mimi, na mama alifariki akiwa ameamini maneno yangu.

Nilimwomba shangazi yetu akae nasi. Nilimweleza yeye kwanza, nikimtazama yeye, huku dada akisikiliza. Sikutaja kosa hata moja la dada, ingawa nilikuwa nikiyakumbuka yote. Nilipomaliza, dada aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Shangazi, ambaye hajawahi kulisikia neno ho'omalu, alituomba tusiseme lolote zaidi siku hiyo na kila mtu arudi kwake.

Siku ya tatu simu yangu ililia. “Mdogo wangu,” dada alisema, “bado inaniuma, tena inaniuma sana. Lakini nami kuna jambo nililomwambia mama juu yako. Njoo na shangazi.”