Nilivyomlalamikia Mungu kuanzia A hadi Z

Mwaka ule yalikuja mfululizo: nilipunguzwa kazini, baba akafariki, kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Kabla sijamaliza kufunga mizigo, simu ilikuwa imejaa Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kutuwazia amani na kutupa tumaini, na picha za maua juu. Hakuna hata mmoja aliyenitumia mstari wa 10, unaosema miaka sabini ya Babeli itimie kwanza. Wala wa 5, ambapo watu waliohamishwa kwa nguvu wanaambiwa wajenge nyumba na wapande bustani hukohuko ugenini. Mimi ulinisaidia huo wa 5. Nilifungua maboksi yote badala ya kuishi kama abiria anayesubiri basi.

Ushauri ulionichosha kupita wote ni wa wifi yangu: nisilie, nisilitaje tatizo, kila asubuhi nitamke kwa sauti kwamba hakuna kilichobadilika. Nilijaribu, tena kwa moyo wote. Nikasimama mbele ya kioo, nikatamka. Mtu wa kwenye kioo alikuwa amevaa koti la marehemu baba, saa nne asubuhi, hana pa kwenda. Tukatazamana, tukacheka wote wawili, halafu mmoja wetu akalia. Siku zilizofuata nilitamka kwa kunong'ona, kisha nikaacha. Mungu asiyebadilika hana haja ya mimi kudanganya kuhusu yaliyobadilika.

Kilichonitoa ni kitabu cha Maombolezo katika Biblia, kile kilio cha baada ya Wababeli kuuteketeza Yerusalemu, mwaka 586 KK hivi. Sura nne za kwanza zimefuata alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22, mistari ikianza kwa herufi moja baada ya nyingine, na sura ya 3 inaipa kila herufi mistari mitatu, ndiyo maana ina mistari 66. Mtu mji wake umeungua, naye anapanga kilio chake kwa alfabeti! Niliupenda ukaidi huo. Na yale maneno tunayoyapenda sote, kwamba rehema zake hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi, hayakuwekwa mwishoni mambo yakishatulia. Yako katikati, 3:22-23, na baada yake kilio kinaendelea hadi sura ya tano.

Basi nikachukua daftari. A, ajira. B, baba. CH, chumba kimoja badala ya vitatu. D hata sielezi. V ilinisumbua mpaka nilipokumbuka vyombo vilivyovunjika siku ya kuhama. W nikamweka wifi, na nafsi yangu ikaburudika sana. Upande wa pili wa ukurasa, mkabala na kila herufi, niliandika jambo moja kumhusu Mungu lililokuwa kweli kabla ya msiba huo na ni kweli hata sasa. Upande huo haukuwa wa mchezo. Kwenye B nilikaa hadi usiku wa manane, mwishowe nikaandika Malaki 3:6, "sina kigeugeu", kwa hasira, namdai.

Kuna Zaburi ya 88 pia. Inaishia gizani, faraja hakuna, na bado imo ndani ya Biblia, tena inamwita Mungu tangu mstari wa kwanza. Anayekwambia kulia ni kukosa imani, mpe aisome yeye kwanza.

Gharama ni daftari na usingizi kiasi. Kazi nilikuja kupata, ya mshahara mdogo, lakini daftari lilikuwa limeshafika Z zamani, kwa hiyo msiniambie imani ilirudi na mshahara.

Rafiki yangu aliyeiga mbinu hii amekwama kwenye M. Anasema haimtoshi: mume, mkopo, mama mkwe. Nimemjibu awaandike wote. Sura ya 3 inaruhusu watatu kwa kila herufi.