Kuku wa mwisho kwenye friza

Umeme ulikatika Jumatano usiku, tarehe 21 Mei 2008, na sisi wa Jang'ombe hatukushtuka. Unguja umeme kukatika halikuwa jambo la kumtoa mtu kitandani. Habari zilianza kutembea barazani asubuhi yake: njia ya umeme inayopita chini ya bahari, kutoka bara mpaka Fumba, imepata hitilafu, na nyingine hakuna. Mmoja akasema siku mbili, mwengine wiki. Tulikaa gizani mpaka katikati ya Juni.

Mama alikuwa na friza, na friza ndiyo iliyokuwa duka lake. Aliuza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa skuli, mabonge ya barafu kwa wachuuzi wa samaki, na kuku wa kisasa aliowanunua kwa jumla akawauza mmoja mmoja. Alijua kwamba friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kushika baridi siku mbili hivi. Alhamisi asubuhi akaifunika kwa magunia mawili na blanketi, akatutangazia: "Asiiguse mtu."

Niliigusa. Nilikuwa na miaka 16 na kiu ya usiku. Nikafunua, nikainua kifuniko, nikachomoa barafu moja ya ukwaju, nikafunga kwa kupapasa. Ncha ya gunia ikabanwa na kifuniko. Ufa wa upana wa kidole, usiku kucha.

Ijumaa alfajiri maji yalikuwa yametambaa mpaka mlangoni. Mama hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alitoa kuku, akawabonyeza kifuani mmoja mmoja, akawauza kabla ya sala ya Ijumaa kwa bei ya kutupa, waliobaki akawagaia majirani. Ubuyu ukamwagwa. Jioni nilimkuta ukumbini, kanga kichwani, hata kibatari hakuwasha. Alikuwa amebaki kuku mmoja, yule aliyelala chini kabisa, tumboni bado ana barafu.

"Mpikeni," alisema. "Au mpeni paka."

Nikasema nitampika mimi. Mdogo wangu wa kike, ambaye kwa miaka yake 12 alikuwa ananishinda mbali jikoni, akacheka, kisha akaona uso wangu akanyamaza. Yeye akachukua wali. Mimi nikachukua sosi ya biriani, kitu ambacho mama alikuwa akikipenda kuliko biriani lenyewe. Alizoea kukila kwa wali mweupe, siku ya pili ya shughuli, akiwa peke yake.

Sasa, sosi ya biriani ni vitunguu. Kuku anaweza kubadilika akawa mbuzi au ng'ombe, lakini vitunguu vikiharibika hakuna sosi. Tulikuwa navyo kumi na mbili, vyekundu, vya bara. Muuzaji wa Mwanakwerekwe alituapia kuwa ni vya Mang'ola. Nikavikata saba kwa mwanga wa kibatari, vyembamba kama mwezi mwandamo, machozi yakinichuruzika mpaka kidevuni. Nikapepea seredani mpaka mkaa ukawa mwekundu wote, mafuta yakatoa moshi, nikamwaga vitunguu vyote kwa pamoja.

Ndani ya dakika chache vilikuwa vyeusi ncha na vibichi kati. Nikavitupa mgombani, uani, haraka haraka, kama mtu anayeficha mzoga.

"Nani huyo anaunguza vitunguu?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yetu tuliyekuwa tukimwita Bibi ingawa hatukuwa na udugu naye. Nikamwamkia, shikamoo Bibi, akaitikia marahaba huku anaingia kwa mlango wa uani na taa ya chemli mkononi. Akatazama seredani, akatikisa kichwa. Kwa koleo akatoa nusu ya mkaa, uliobaki akaunyunyizia majivu.

"Vimebaki vingapi?"

"Vitano."

"Vitatosha. Tia mafuta, tia vitunguu, tia chumvi kidogo, halafu usivisumbue. Wewe umelia kuvikata, sasa viache na vyenyewe vilie."

Akavuta kibao cha mbuzi, akakikalia, akawa ananitazama mimi wala si sufuria.

Vililia kweli. Kwanza maji yalitoka mengi, vikachemka badala ya kukaangika, nikadhani nimekosea tena. Kisha vikalainika, vikawa kama kioo, unaona mwiko kwa upande wa pili. Baada ya hapo havikufanya kitu kwa muda mrefu mno, na hapo ndipo nilipotaka kuchochea moto, Bibi akanipiga kofi la mkono. Sauti ndiyo iliyobadilika kabla ya rangi: kule kutokota kukaisha, yakabaki mafuta peke yake, kachakacha, kachakacha. Manjano ya samli yakaingia pembeni. Sehemu iliyoshika chini ya sufuria nilikuwa nairushia maji kijiko kimoja na kuikwangua, rangi yote ikarudi kwenye vitunguu.

Nilianza baada ya Magharibi. Adhana ya Isha ikanikuta bado nakoroga. Msikiti wetu haukuwa na jenereta, kwa hiyo muadhini aliadhini kwa koo lake tu, na bila vipaza sauti vya misikiti mengine tukamsikia kila kituo alichovuta pumzi. Bibi akaitikia kimya kimya. Alipomaliza, vitunguu vilikuwa na rangi ya tende, na vimekuwa vichache kiasi cha kumkasirisha mtu: vitano vizima, vimejaa konzi moja.

Kilichofuata kilikuwa chepesi. Nusu nikaiweka kando. Kwenye nusu nyingine nikatia thomu na tangawizi zilizotwangwa, mdalasini, hiliki, bizari nyembamba, pilipili manga, kisha tungule, kisha mtindi ambao nao kwa kukosa friji ulikuwa umechachuka kupita kawaida, na Bibi akasema ndivyo unavyotakiwa. Kuku niliyemkamulia ndimu akaingia. Tukafunika, tukapalia mkaa juu ya kifuniko. Bibi akakataa kusubiri kula. Akaondoka na chemli yake.

Tulipakua kwenye sinia moja, vile vitunguu vilivyowekwa kando vimetawanywa juu. Mama aliletwa na harufu, hatukumwita. Akanawa, akapiga bismillahi, akala bila kusema, na mimi nikawa sili, namtazama vidole. Alianza na vitunguu. Alivichambua juu ya wali kimoja kimoja, ndipo akamgusa kuku.

"Hivi vya kwanza umevitupa wapi?" akauliza.

"Mgombani."

"Hm." Akavunja paja, nusu akaisukuma upande wangu wa sinia. "Na lile gunia nililiona tangu alfajiri."

Dada yangu akainama kwenye tonge lake. Mimi nikatafuta neno, sikulipata.

Mama akanyoosha shingo kutazama jikoni. "Ukoko upo?"