Bado ni Mama Mchungaji

Jana tulimhamisha mjane wa mchungaji kutoka nyumba ya usharika. Mchungaji mpya anahitaji nyumba, tunajua, lakini inauma.

Viongozi wetu wa umoja wa wake wa wachungaji na wajane walifika alfajiri, khanga viunoni. Mwenyekiti, ambaye naye ni mjane, aliikunja kanzu ya ibada ya marehemu taratibu, akaifunga kwenye kitenge: "Hii usiweke kwenye lori, mwanangu. Ipakate." Mweka hazina akampa bahasha ya kodi ya miezi sita.

Nilimkumbuka Elizabeth Coles Bouey, Mmarekani Mweusi aliyeanzisha chama cha wake wa wachungaji huko Richmond, Virginia, mwaka 1941. Naye alikuwa mke wa mchungaji.

Nawapenda sana mama zetu hawa. Jumapili tunampelekea mjane wetu unga na mkaa.