Kanga ya Bibi na Afande wa Baba

Jana usiku nimemaliza kuandika barua ya tatu. Baba anasema, mie naandika. Ana mtoto wa jicho, na jicho la kulia halimfai tena. Kila barua huanza na namba yake ya jeshi, ndipo jina, kisha "Afande". Nilipomwambia kuwa mtu yule siku hizi huitwa Mheshimiwa, alinitazama kama kuruti aliyekosea hatua. "Uheshimiwa wamempa wapiga kura. Uafande nampa mimi."

Chanzo ni redio. Wakati wa kampeni tulimsikia afande akihadithia Lukaya, kule Uganda, kwenye vita vya kumng'oa Idi Amin: makombora yalivyowaangukia usiku wa tarehe 10 Machi 1979, brigedi ikatawanyika, na yeye akasimama barabarani kuwakusanya vijana mpaka wakajibu mapigo kesho yake. Baba alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe. "Lukaya gani? Yule nimemwacha Masaka, anatetemeka kwa homa."

Barua ya kwanza ilikuwa kurasa nne, na tatu kati ya hizo ni kinamasi tu: barabara moja, mafunjo huku na huku, mbu. (Baba ni mtu wa Wete, bahari haimtishi, ila maji yaliyosimama mpaka leo humkera.) Lawama ilikuja mwisho kabisa, mistari miwili: Afande, siku ile ulilala umefunikwa kanga ya mama yangu, na mie nikaenda mbele sina cha kujifunikia. Kanga hiyo bibi alimpa siku anaondoka Pemba. Aliikunja chini kabisa ya begi, wenzake wasije wakamcheka.

Jibu lilichukua wiki sita. Limepigwa chapa, nembo juu: "Ndugu mwananchi, barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi." Baba alicheka mpaka akakohoa. Mie nilikasirika, nikasema tuachane naye. Akaniamuru nilete karatasi nyingine. Ya pili ilikuwa na sentensi moja tu: "Afande, kanga iko wapi?" Nikampa abiria wa boti pale Mkoani, aifikishe Unguja mkononi.

Alhamisi limekuja jibu la mkono wake mwenyewe, herufi zinapanda na kushuka. Kweli, anasema, alikuwa na homa. Hotuba aliandikiwa, na watu walipopiga makofi akaona haya kurudi nyuma. Kanga ilimpotea Kampala, Aprili ile mji ulipotekwa. "Ilikuwa na maandishi, Mama nipe radhi. Mengine yamenitoka."

Baba hakuigusa habari ya Lukaya hata kidogo. Alitaka nirudie hapo pa maandishi, nikarudia mara tatu. Kama amemsamehe, mie sikuuliza. Maswali ya namna hiyo hayajibu.

Akajiweka sawa kitini, mgongo wima kama anayekaguliwa. "Andika: Afande, ni kuishi na watu kazi. Herufi kubwa, maana na yeye hana macho siku hizi."